MREJESHO: Mwanafunzi wangu kiziwi mwenye selimundu

Wakuu, habari za siku. Mwezi wa pili nilileta hapa suala la mwanafunzi wangu wa kitengo maalumu, kiziwi mwenye selimundu (sickle cell, ugonjwa wa kurithi wa damu unaoleta maumivu makali). Maumivu yakimshika alikuwa anajikunja chini ya dawati, nami nikidhani kanuna.

Asanteni sana kwa ushauri mlionipa, nimeufuata. Chupa ya maji ipo mezani kwake, anakunywa bila kuomba na chooni anatoka bila ruhusa. Mwalimu mkuu alinung'unika wiki ya kwanza, akazoea. Sweta anavaa asubuhi zote za baridi, na mchakamchaka tumemtoa.

Kilichosaidia kuliko vyote ni kadi ya kuonyesha maumivu yenye sura tano, kuanzia anayecheka hadi anayelia, aliyoipendekeza dada mmoja nesi. Niliichora kwenye boksi la chaki. Juzi akagusa sura ya nne, kisha goti lake. Tukampa dawa aliyoiacha mama yake, maji, akajilaza. Zamani ningegundua saa ya kwenda nyumbani!

Daftari la mawasiliano kati ya nyumbani na shuleni limefeli. Mama anatoka gizani kwenda sokoni, bibi hajui kusoma. Sasa namtumia mama ujumbe wa sauti. Masomo nayo bado: Mei alilazwa siku tisa, hisabati imemwacha mbali, na mwalimu wa kumfuata wodini hatuna.

Uliyesema nipime homa kwanza kabla ya dawa yoyote, ubarikiwe. Kuna siku kipimajoto kilisoma 38.5, tukaenda hospitali moja kwa moja.