Sportster 883, Drag Star 650 au Super Meteor 650: injini ipi kwa barabara ya Malindi–Mombasa?

MtuWaBarani

Assalamu alaikum wadau. Tangu nipate leseni nimeendesha Boxer 150, na sasa nataka kruza: mtu akae ametulia, miguu mbele, mama watoto nyuma asishuke analalamika kiuno. Safari zetu kubwa ni Malindi–Mombasa, kilomita 120 kwenda tu. Mara nyingine tunapanda Marafa kwa wakwe, na huko lami ikiisha ni vumbi na mchanga.

Nimechuja zimebaki tatu. Moja ni Harley-Davidson Sportster 883 iliyotumika, iko Nyali. Ya pili Yamaha Drag Star 650 ya mzee wa Kiitaliano hapa hapa Malindi, anarudi kwao. Ya tatu Royal Enfield Super Meteor 650 mpya, hiyo ni ya kuagiza Nairobi. Mambo ya bei niachieni mimi, swali langu ni injini.

Kwenye makaratasi Yamaha ina nguvu za farasi 40, Enfield 47, Harley hamsini na kitu. Kwa hesabu hiyo Harley imeshinda. Lakini jamaa yangu anashikilia kwamba 883 ni nzito, zile farasi za ziada zinaliwa na uzito. Mwingine ananishauri niongeze pesa nitafute Kawasaki Vulcan S yenye farasi 61. Naombeni ushahidi, ushabiki nimeshausikia wa kutosha.

V2_Watamu

Waalaikum salaam ndugu yangu. Mimi nakwambia Harley, na sababu ninazo.

Injini yake ni V ya digrii 45, silinda mbili zimepanuka kama herufi V, na ina pini moja ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), fito mbili za pistoni zimeshika mahali pamoja. Ndiyo maana haipigi kwa vipindi sawa: silinda ya kwanza ikiwaka, ya pili inafuata baada ya digrii 315, halafu unangoja 405 ndipo ya kwanza iwake tena. Ule mdundo watu wanaousikia ukipita Gede unatoka hapo, na ukiwa juu yake unausikia mpaka kifuani. Valvu zake zina lifta za haidroliki, hakuna cha kurekebisha nafasi ya valvu kila baada ya kilomita kadhaa. Na 883 na 1200 zina mwendo mmoja wa pistoni, milimita 96.8. Kilichotofautiana ni upana wa silinda, 76.2 kwa 88.9. Siku ukitaka nguvu zaidi unapanua silinda, unabadilisha pistoni, chasisi ni ile ile. Injini gani nyingine kati ya hizo tatu inakupa nafasi hiyo?

FundiWaGanda

Mwanangu, gereji yangu iko njia ya Ganda, na kruza za wageni na za wenyeji zimepita mikononi mwangu tangu enzi za Virago, kruza za zamani za Yamaha. Umetaka ushahidi, basi twende kwa nambari.

Farasi za kwenye karatasi hupimwa pale injini inapolia karibu na mwisho wa uwezo wake. Zile 40 za Drag Star ziko kwenye mizunguko 6500 kwa dakika. Za Super Meteor, 47, ziko 7250. Za Vulcan S, 61, ziko 7500. Sasa niambie: umempakia mama watoto, mbele yako kuna lori la chumvi limetoka Gongoni, uko gia ya juu, mwendo 60 au 80. Injini inazunguka mara ngapi? Kwa kruza za namna hii ni baina ya 2500 na 4000. Huko ndiko utakakokuwa karibu safari nzima, matuta yote ya Matsangoni mpaka Kilifi. Kule 7000 utakwenda siku moja moja.

Kwa hiyo tazama torki, ile nguvu ya kusokota krenki, inayopimwa kwa Nm (nyutoni-mita), na tazama inakuja kwenye mizunguko mingapi. Drag Star ina Nm 51 kwenye 3000. 883 ina karibu Nm 70 kwenye 3750. Super Meteor ina Nm 52, lakini kwenye 5650. Vulcan S ina Nm 63 kwenye 6600. Chukua Nm, zidisha kwa mizunguko, gawa kwa 9549, utapata kilowati. Kilowati moja ni farasi 1.36. Fanya hesabu mwenyewe: Drag Star kwenye 3000 inakupa kilowati 16, kama farasi 22. 883 kwenye 3750 inakupa kilowati 27 na nusu, farasi 37. Yaani ile Harley, kabla hujaisumbua, imeshakuwekea mezani zaidi ya nusu ya ilichonacho. Super Meteor kampuni yenyewe inasema asilimia 80 ya torki ipo kuanzia 2500, kama Nm 42. Si haba, lakini Yamaha kwenye 3000 imeshafika kilele chake wakati Enfield bado inapanda. Zile farasi saba za ziada hutazihisi mpaka uifungulie.

Vulcan S ni injini nzuri sana, ila imezaliwa na Ninja 650 ikarekebishwa ivute vizuri chini. Asili yake bado iko juu. Kwa kijana anayekwenda peke yake mpaka Garsen ningemwambia aichukue leo. Kwako wewe sioni haja ya kuongeza pesa.

Kuna jambo watu hulikosea: husema pistoni yenye mwendo mrefu ndiyo huvuta chini. Harley inaliunga mkono, Drag Star inalikanusha. Silinda ya Drag Star ina upana milimita 81 na mwendo 63 tu, umbo la injini ya mbio kabisa, na bado inavuta kwenye 3000. Siri iko kwenye kemshafti, ule mhimili unaofungua valvu, na njia za hewa. Valvu hazifunguki muda mrefu, njia ni nyembamba, basi hata mizunguko ikiwa michache hewa inaingia kwa kasi na petroli inachanganyika vizuri. Ukiipeleka juu ndipo inakosa pumzi, kwa sababu njia ile ile nyembamba sasa inaizuia.

Joto. Hapa ndipo pwani yetu inapotofautiana na ile hali ya majarida. 883 na Drag Star zote ni V za kupozwa kwa upepo, silinda moja mbele, moja nyuma. Ya mbele inaupata upepo mwanzo, ya nyuma inapata mabaki. Ukiwa kwenye mwendo haina shida. Ukikwama Mtwapa saa nane mchana mwezi wa Februari, silinda ya nyuma inapanda joto na paja lako linajua kabla hujaambiwa. Kwenye 883 ni zaidi, kwa sababu silinda ni kubwa na ziko karibu karibu, digrii 45 kwa 70 za Yamaha. Super Meteor imezipanga silinda zake bega kwa bega, zote mbili zinaangalia mbele, na ina kipozeo cha oili. Kwa joto la foleni, kati ya hizo tatu, hiyo imeshinda.

Nguvu kufika kwenye tairi. Drag Star ni shafti, 883 ni mkanda, Super Meteor ni cheni. Njia ya Marafa mchanga utaingia kila mahali. Cheni inakula mchanga na oili mpaka inakuwa msasa wa kujisaga yenyewe, na meno ya sproketi yanachongoka. Mkanda ni msafi na mtulivu, lakini kijiwe kikijipenyeza baina ya mkanda na puli kinaweza kuutoboa, na mkanda uliotobolewa hauungwi. Shafti imefungiwa ndani, mchanga hauioni. Kwa mtu wa Malindi mwenye wakwe Marafa, hiyo kwangu ni hoja nzito kuliko farasi kumi.

La mwisho, swali la Nairobi. Kule juu hewa ni nyepesi, injini isiyo na tabo (pampu ya kuisukumia hewa) inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu. Ukiijaribu Super Meteor Nairobi ukaiona nzito, ikishuka huku itafunguka, na kwa kuwa ni ya injekta itajirekebisha yenyewe. Pikipiki ya kabureta iliyopunguziwa jeti, kile kitundu cha petroli, kule haijirekebishi. Ikija usawa wa bahari inapata hewa nyingi petroli ile ile, inawaka kavu, plagi zinakuwa nyeupe na injini inachemka. Hiyo ya mzee wa Kiitaliano kama imekaa Malindi miaka yote, umepona na hilo.

Hukumu yangu: kwa kuvuta tu, 883. Kwa foleni, Super Meteor. Kwa kazi yako uliyoieleza, watu wawili, mwendo wa wastani, chumvi na mchanga, ningechukua Drag Star.

MokoweRider

Shikamoo fundi. Sikupingi kwa hesabu, lakini naongeza upande wa pili, kwa kuwa mimi ninayo Super Meteor na naipanda Mokowe–Witu–Garsen mpaka Malindi.

Krenki yake imepishanishwa digrii 270, kwa hiyo nayo haipigi sawasawa. Inapiga 270 kisha 450, mpigo ule ule wa V ya digrii 90. Mtu asidhani injini ya silinda sambamba ni lazima iimbe kama cherehani. Gia ni sita, na ile ya sita kwenye barabara ndefu ya Garsen inaishusha injini ikapumzika. Tenki ni lita 15.7. Breki zina ABS, ile ya kuzuia tairi lisikwame likateleza, mbele na nyuma, nami nilipokutana na ng'ombe wanavuka barabara jioni baada ya Witu, lile ndilo lililonifaa. Cheni ninaisafisha kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani kila nikitoka kwenye mchanga, kisha naipaka oili ikiwa bado na joto. Kazi ndogo.

Uzito ni kilo 241, hapo simfichi mtu. Kwenye mchanga na mke nyuma utaujua.

FundiWaGanda

Marahaba mwanangu. Ya breki ni kweli tupu, na aliyezoea ngoma ya Boxer ayasikie. Drag Star hiyo nyuma ni ngoma pia.

MtuWaBarani

Shukrani nyingi fundi, na nyote. Jumamosi nakwenda kuiona ya Muitaliano. Anasema imesimama muda, ila anaiwasha mara kwa mara. Niangalie nini?

FundiWaGanda

Mwambie asiiwashe kabla hujafika. Ukifika weka kiganja kwenye injini, iwe baridi. Ikiwa na moto, rudi siku nyingine, kwa sababu kabureta chafu hujificha injini ikishapashwa. Vuta choki, washa, iache ingurume dakika moja. Kisha chovya vidole kwenye maji, dondoshea kila bomba la eksozi karibu na silinda. Mabomba yote mawili yachemshe tone kwa haraka ile ile. Tone likikawia bomba moja, silinda hiyo haiwaki sawa: kabureta yake imeziba, au plagi, au kuna maji ya chumvi kwenye kofia ya plagi.

Muulize alikuwa anatia oili gani. Klachi yake inaogelea kwenye oili ya injini, kwa hiyo iwe ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA. Oili nyingine za gari zina dawa ya kupunguza msuguano, klachi ikizinywa inaanza kuteleza. Jaribu hivi: gia ya juu, mwendo mdogo, fungua petroli yote. Injini ikipanda sauti na pikipiki haiongezi mwendo, klachi imekwisha.

Halafu nenda gurudumu la nyuma, fungua kifuniko cha oili ya difu (gia za shafti pale gurudumuni), tia kidole. Oili ikiwa nyeusi tu, ni ya kubadilisha. Ukiusugua kidole na cha gumba ukaona unga unaong'aa, usiichukue hata akupunguzie nusu. Na umuulize tairi la nyuma lilibadilishwa lini mara ya mwisho na nani, na kama meno ya shafti yalipakwa grisi kabla ya kurudishwa. Mafundi wengi hulifunga gurudumu makavu. Kama hajui, ukiinunua ilete kwangu kabla hujaipeleka Mombasa, tulifungue tupake.