Mrejesho: Muda wa kuandika riwaya nimeupata

Ndugu zangu, mwezi wa tatu niliwauliza: fundi cherehani anayefika nyumbani Mbagala saa tatu usiku, hoi, ataandika riwaya saa ngapi? Dada mmoja akanishauri niamke saa kumi alfajiri, kabla ya adhana. Nimefanya hivyo. Kurasa mbili kila siku, kwa mkono, kwenye kaunta buku. Simu naiacha chumba kingine. Mazungumzo nayaokota kwenye daladala. Kina mama wa kwetu Mbagala Rangi Tatu wanaongea vizuri kuliko chochote ninachoweza kubuni! Jana nimemaliza sura ya saba. Nikikamilisha, nitaupeleka mswada kwenye Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Dada yangu, Mungu akubariki sana. Sura ya nane naianza kesho.