Fundi kapanda juu kidogo tu kasema paa zima ling'olewe, huu ni ukaguzi kweli?

mwenye_paa:
Wakuu habari zenu, naombeni mawazo. Nyumba yangu ni ya bati, siling bodi ya chumba kimoja imeweka doa la kahawia na mvua ikinyesha linazidi kupanuka. Nikaita fundi akague, akapanda, akatembea tembea, akashuka akasema bati zimekwisha zote ni kuezeka upya. Namuuliza maji yanaingilia wapi hasa, ananijibu "paa zima bosi". Picha hakupiga hata moja na darini hakuingia. Fundi mkweli akija kukagua anatakiwa afanye nini?

fundi_kenchi:
Huyo hajakagua mkuu. Ukaguzi unaanzia ndani, pale kwenye doa, halafu anaingia darini na tochi. Maji hayashuki wima, yakishapenya juu yanafuata papi (zile mbao bati zinapopigiliwa misumari) au mbao ya kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), yanatambaa mpaka yakute pa kudondokea, kwahiyo doa linaweza kuwa chumbani na tundu liko juu ya korido. Mchana ukiwa darini zima tochi kidogo, penye tundu utaona mwanga unachungulia. Mbao achome na bisbisi, ikizama kirahisi ujue imeoza au mchwa wameshafika, na hilo mimi ndo linanitisha kuliko bati bovu.

Akipanda juu aangalie misumari moja moja. Bati likipigwa jua linatanuka, usiku linasinyaa, kila siku hivyo hivyo mpaka msumari unalegea na ule mpira chini ya kofia ya msumari unakauka unapasuka. Halafu kofia ya paa (lile bati linalofunika kileleni), pale bati zinapopishana, yale mabonde paa mbili zinapokutana na pale paa linapogusa ukuta, mivujo mingi iko humo. Gata nalo likijaa majani maji yanarudi nyuma. Mara nyingi dawa yake ni kubadili misumari na kuziba tu. Na mwangalie anavyotembea, anayejua anakanyaga kwenye mstari wa misumari maana chini yake kuna papi, anayekanyaga katikati anakubonyeza bati na anakuachia mvujo mpya.

dada_wa_site:
Naongezea, sio kila doa ni mvujo. Mvuke wa jikoni au bafuni ukipanda darini ukagusa bati la baridi unageuka matone, na kama una tenki au bomba la maji huko juu angalia hilo kwanza kabla hujamlaumu mtu. Doa likiongezeka hata wakati wa kiangazi basi shida sio paa.

mwenye_paa:
Asanteni sana. Sasa kama mvua haipo atajuaje panapovuja?

fundi_kenchi:
Mpira wa maji. Mmoja anamwagia juu, mwingine yuko darini anaangalia. Anaanza chini kabisa anapanda polepole sehemu moja moja, akianza juu maji yatateremka paa lote na hamtajua yalipoingilia.

mzee_wa_bati:
Nisimtetee huyo fundi ila kuezeka upya kuna wakati ni kweli, kutu ikishatoboa bati nyingi huwezi kuziba ukamaliza. Lakini akuonyeshe kwa picha, hii ni bati ya upande gani, tundu liko wapi, kipi cha haraka na kipi kinasubiri, na aandike pia sehemu ambazo hakufika. Cha kwangu kikubwa ni hiki, mlipe ukaguzi peke yake na mwambie mapema kwamba kazi ya kutengeneza anaweza kupewa mtu mwingine, maana anayelipwa kwa kuezeka tu ni vigumu akwambie paa lako bado zima.

mwenye_paa:
Nimewaelewa wakuu. Leo nazungushia lile doa penseli na tarehe nione linavyotembea, na fundi mwingine akija naingia naye darini mwenyewe.