Naomba ushauri: Datsun 240Z haiwaki ikishapata moto

Ndugu wanachama, habari za kazi. Ninaifufua nyumbani Datsun 240Z ya mwaka 1972, aina ile ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, na injini yake ya lita 2.4 yenye kabureta mbili huwaka vizuri asubuhi, lakini nikiizima ikiwa ya moto haiwaki tena mpaka ipoe. Nimebadilisha plagi, platini na chujio la petroli bila mafanikio. Kabureta zenyewe, ambazo zimekaa juu kabisa ya manifoldi ya ekzosi, wakati huo huunguza vidole. Je, nianze na bati la kukinga joto, au nifunge pampu ya umeme karibu na tangi? Na pampu hiyo iwe ya presha kiasi gani ili petroli isifurike kwenye kabureta?