Naomba ushauri: mkataba wa utafiti na chuo kikuu cha nje

Ndugu wanachama, nawasalimu kutoka Moshi. Kikundi chetu, kinachopima maji ya chemchemi na mifereji kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kimealikwa na chuo kikuu kimoja cha Ulaya kushirikiana katika utafiti wa mabadiliko ya tabianchi. Suala la kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia) wageni wenyewe wanalifahamu, hivyo hapo hatuna wasiwasi. Kinachotukwamisha ni rasimu ya mkataba, inayosema kwamba sampuli na takwimu zote zitahifadhiwa kwao, huku sisi tukitajwa kama wasaidizi wa uwandani tu. Barafu iliyochimbwa kileleni mwa Kilimanjaro mwaka 2000 kwa ajili ya utafiti ilipelekwa Ohio, Marekani, nayo kwa kweli ilihitaji maghala ya baridi kali. Maji ya chemchemi, kwa maoni yangu, hayana udhuru huo. Tumewaandikia tukiomba nakala ya takwimu, wakajibu kwamba tutapewa baada ya makala kuchapishwa, bila kutaja muda.

Je, waliowahi kuingia mikataba ya aina hii walitumia kifungu gani kuhakikisha kwamba takwimu zinabaki pia nchini tangu zinapokusanywa? Na je, mwanasheria aupitie mkataba kabla ya maombi ya kibali kuwasilishwa, au baadaye?