Bunge la bajeti, miezi mitatu Dodoma (Juni 2025): tunalipia mjadala au tunalipia saini?

Mkazi wa Njiro

Ndugu zangu, Waziri wa Fedha amekwisha kusoma bajeti ya mwaka wa fedha 2025/26, shilingi trilioni 56.49, baada ya ile ya trilioni 49.35 ya mwaka uliotangulia. Wabunge wako Dodoma tangu Aprili, na kabla ya tarehe 30 Juni wataitwa kwa majina mmoja baada ya mwingine ili waseme ndiyo. Ninauliza bila ushabiki wa chama: ni bajeti gani mnayoikumbuka iliyowahi kuangushwa bungeni? Mbunge anasimama, analalamika kwa dakika zake zote kwamba barabara haipitiki na zahanati haina dawa, kisha anamalizia kwa kuunga mkono hoja kwa asilimia mia moja, anaketi, na wenzake wanapiga meza. Hapa kwetu Arusha uwanja wa watu 30,000 unajengwa Olmoti kwa ajili ya AFCON 2027, kwa mamia ya mabilioni, na mimi sijasikia mtu akiuliza nani atabeba gharama zake mashindano yakiisha na wageni wakirudi kwao. Kama kazi ni kusaini, wangekaa wiki mbili wakasaini, posho ya wiki nyingine zote ikanunua dawa. Bunge letu halijawahi kumtisha mtu yeyote serikalini.

Mhasibu Mstaafu, Shanty Town

Ndugu wa Njiro, swali lako ni zuri, ila umemtwisha mbunge mamlaka asiyokuwa nayo. Ibara ya 99 ya Katiba inamzuia kupeleka hoja ya kuongeza kodi au kuongeza matumizi ya Serikali, isipokuwa pendekezo litoke kwa Rais na kuletwa na waziri. Anachoruhusiwa ni kupunguza. Ibara ya 90 nayo inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti, kwa hiyo mbunge anayesema hapana anaweza kujikuta anarudi jimboni kuomba kura kabla ya wakati. Kinachobaki mkononi mwake ni kushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani kuuzuia mpaka apate maelezo, kwenye Kamati ya Matumizi, na sote tunajua inavyokwenda: anashika, waziri anafafanua, wenzake wawili watatu wanachangia, anaombwa aiachie, anaiachia. Muda ukiisha inakuja gilotini, na mafungu yaliyobaki yanapita kwa mkupuo bila swali.

Lakini mimi niliyeishi na randama na kasma, yaani maelezo ya makadirio na vifungu vya matumizi, tangu ujana wangu nadhani ugonjwa mkubwa uko kwenye ratiba. Mpango wa maendeleo na mwongozo wa bajeti hujadiliwa Novemba, wakati ambapo hakuna anayesikiliza redio kwa ajili hiyo, na hapo ndipo vipaumbele hupangwa. Ikifika Juni chungu kimekwisha kuiva na wabunge wanaitwa kuonja chumvi. Kisha tazameni ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, ambayo huwekwa mezani mwezi Aprili. Mwaka 2023, wananchi walipochachamaa wakitaka ijadiliwe papo hapo, walijibiwa kwamba kamati zichambue kwanza na mjadala uje Novemba. Maana yake ni kwamba mbunge anaidhinisha fedha mpya Juni, wakati zile za zamani hazijajadiliwa ukumbini zilitumikaje. Anayetaka mageuzi aanzie hapo, si kwenye posho.

Mama wa Kiusa, Moshi

Mimi si msomi wa Katiba, nauza nafaka. Nilipeleka mchele na maharage kwenye shule moja ya Serikali ambayo sitaitaja, kwa sababu bado nahitaji kulipwa na watu wale wale. Hati ya ununuzi ninayo, hati ya kupokelea mzigo ninayo, ina saini ya mpokeaji na muhuri wa bluu ambao umeanza kufifia ndani ya mfuko wa nailoni ninaouhifadhia. Risiti ya mashine nimekwisha kuitoa, kwa hiyo mauzo hayo yameingia kwenye hesabu yangu ya kodi ingawa fedha yenyewe sijaiona. Kila Juni naambiwa nisubiri mwaka mpya wa fedha, na kila Julai naambiwa mafungu hayajafunguliwa. Naomba wanaojua wanieleze: fedha ikishapitishwa na Bunge, nani anaizuia isitoke?

Mzee wa Kaloleni, Arusha

Nimesoma kwamba Bunge letu halijawahi kumtisha mtu yeyote, nikajua kwamba ndugu wa Njiro mwaka 2008 alikuwa bado anavaa kaptula. Kamati Teule ya Dakta Mwakyembe ilisoma taarifa yake juu ya mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond, na kabla wiki haijaisha Waziri Mkuu Edward Lowassa alikuwa amejiuzulu, mawaziri wengine wawili wakamfuata, na Baraza zima la Mawaziri likavunjwa. Spika wakati huo alikuwa Sitta, na wabunge wengi waliosimama siku zile walikuwa wa chama kile kile cha Waziri Mkuu. Miaka sita baadaye, Kamati ya Hesabu za Serikali ikafanya yake kwenye kashfa ya fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, akaondoka Mwanasheria Mkuu, akaondolewa waziri wa ardhi, na waziri wa nishati naye akafuata. Kama huko si kutisha, basi sijui ndugu yetu anataka wabunge waje na marungu. Katiba ilikuwa ni hii hii, Mhasibu, na ibara zake zilikuwa ni hizi hizi.

Kijana wa Monduli

Shikamoo Mzee wangu wa Kaloleni. Nakuheshimu, lakini kila mtu akitaka mfano wa fisadi aliyeshikwa na Bunge anamchukua Lowassa, kana kwamba wengine wote walikuwa malaika. Mzee yule ametangulia mbele ya haki Februari 2024, nasi tulimzika nyumbani kwake Ngarash, na nilitarajia watu wa mkoa huu wawe wa mwisho kumrushia mawe. Alisema mwenyewe bungeni, siku ile ya kujiuzulu, kwamba kamati haikumwita wala kumhoji. Mahakama gani duniani inamhukumu mtu ambaye haijamsikiliza? Mnalisifia Bunge kwa jambo ambalo mimi naliona kuwa ni doa lake. Na mkitaka kuzungumzia matumizi ya Serikali, zungumzieni pia maji ya Ziwa Victoria yaliyofika Kahama na Shinyanga, mradi aliousimamia akiwa Waziri wa Maji, wakati wengine walikuwa wakiogopa mkataba wa wakoloni wa mwaka 1929 juu ya Mto Nile. Zungumzieni shule za kata.

Mzee wa Kaloleni, Arusha

Marahaba mwanangu. Sijamrushia marehemu jiwe, nimetaja tukio lililoko kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge. Kamati Teule si mahakama, haifungi mtu wala haimtozi faini. Inachunguza, inaeleza, na kiongozi anapima. Alipima, akaondoka, na mimi nilimheshimu zaidi siku ile kuliko wengi ambao leo wanatajwa kwenye ripoti ya ukaguzi na hawashtuki. Kilichonishangaza ni mwaka 2015, pale wapinzani waliokuwa wakimwimba kwenye majukwaa kuwa ni fisadi walipompa bendera agombee urais, na kiwanja cha Sinoni kikajaa watu wale wale. Hilo ndilo mlijibu, vijana wa mabadiliko.

Dereva wa Sakina

Hapo Mzee amewaweka pabaya! Mimi nasema neno moja tu kuhusu matumizi. Katika bajeti ya 2022/23 waziri mwenyewe alipendekeza watumishi wenye stahili wakopeshwe magari ili Serikali ipunguze gharama za manunuzi, mafuta na matengenezo, nikafurahi sana. Mpaka leo nikiwa kwenye hiace yangu hapo Sakina napishwa pembeni na msafara wa mashangingi yenye kiyoyozi na mtu mmoja nyuma. Labda ni ya mkopo, sijui, siwezi kusimamisha msafara nikauliza.

Mwalimu wa Machame

Naomba kumrekebisha ndugu yetu wa Monduli kwa upole, kwa kuwa hoja ya shule za kata inarudiwa mno. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza mwaka 2004, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, wakati Lowassa bado hajawa Waziri Mkuu. Aliposhika wadhifa huo mwishoni mwa 2005 aliukimbiza kwa nguvu, hilo hakuna anayemnyima, lakini kukimbiza si kuanzisha. Nguvu iliyomwagika ilikuwa ya wananchi waliochangia matofali na siku zao za kazi, tena wengi waliobanwa na watendaji wa kata hata kuku wao wakachukuliwa. Sisi wa Kilimanjaro tulijenga shule kwa makato ya kahawa na kwa sadaka za makanisa miaka mingi kabla ya waziri mkuu yeyote kuja kutuhimiza, na hatukumsubiri Mmasai atuonyeshe faida ya darasa.

Kijana wa Monduli

Mwalimu, hiyo sentensi ya mwisho ungeimeza. Sisi hatukukataa shule, tulinyimwa. Kahawa yenu ilikuwa na chama cha ushirika, bei ya dunia na barabara ya lami; ng'ombe wetu walikuwa na ukame na amri za kuhama. Sokoine, aliyekuwa Waziri Mkuu, alitoka huku huku mnakokudharau, na alisoma. Unalinganisha wilaya iliyokuwa na misheni kila kilima na wilaya ambayo mtoto anatembea nusu siku kufika darasani, halafu unajiita mwalimu.

Mkazi wa Njiro

Waheshimiwa, naomba turudi. Mzee amenisahihisha kwa mfano wa mwaka 2008 na wa 2014, sawa, lakini mifano hiyo yote ni ya kashfa iliyokwisha kutokea, na swali langu ni la fedha ambazo hazijatoka. Chukueni tozo ya miamala ya simu. Bunge liliipitisha Juni 2021, ikaanza kukatwa Julai, wananchi wakapiga kelele, na kufikia Septemba Serikali ikawa imeipunguza kwa asilimia 30. Mwaka uliofuata kiwango cha juu kikashushwa, na katika bajeti ya 2023/24 tozo ya kutuma fedha kwa simu ikafutwa. Wabunge waliounga mkono kuanzishwa kwake waliunga mkono pia kufutwa kwake, kwa makofi yale yale. Mwanamke anayetuma elfu kumi kijijini aliona kasoro kabla ya Kamati ya Bajeti nzima. Na hoja ya Mhasibu kwamba wanaogopa kuvunjwa naikataa kwa mwaka huu, kwa sababu Bunge hili linavunjwa kwa ajili ya uchaguzi wa Oktoba 2025 hata wakiimba. Sasa wanaogopa nini?

Mhasibu Mstaafu, Shanty Town

Wanaogopa kura za maoni ndani ya chama, ndugu yangu, ambazo zinakuja kabla ya hizo za Oktoba. Hilo halimo katika ibara yoyote, nami nilikuwa nikieleza ibara. Kumbukeni Job Ndugai alivyojiuzulu uspika Januari 2022, siku chache baada ya kuhoji hadharani mwendo wa Serikali wa kukopa.

Nikiri pia kwamba sikupenda kuambiwa na Mzee kwamba Katiba ilikuwa ni hii hii, kana kwamba nilikuwa namtetea mtu. Mwaka 2008 na 2014 palikuwa na wapinzani wa kutosha bungeni, palikuwa na matangazo ya moja kwa moja kwenye televisheni ya Taifa, na palikuwa na Spika au mwenyekiti wa kamati anayejitafutia jina. Ondoeni hivyo vitatu, halafu mnisomee ibara hizo hizo tena.

Mzee wa Kaloleni, Arusha

Kwa hiyo tumekubaliana kwamba Bunge lilikuwa linatisha. Nashukuru.

Mama wa Kiusa, Moshi

Mmemzungumzia Lowassa, mmemzungumzia Sokoine, mmefika mpaka mtoni Nile. Mimi niliuliza nani anazuia fedha iliyopitishwa isitoke, na hakuna hata mmoja kati yenu wasomi aliyenijibu. Hao wanafunzi walikula maharage yangu wakafanya mtihani, wengine wameshamaliza.

Mhasibu Mstaafu, Shanty Town

Samahani mama, unastahili jibu. Bunge linaidhinisha makadirio, maana yake ni ruhusa ya kutumia endapo fedha itapatikana. Hazina hutoa fedha kwa kadiri makusanyo yanavyoingia, na kwanza hulipa deni la Taifa na mishahara, kwa kuwa hivyo haviwezi kungoja. Matumizi mengineyo, ambamo chakula cha wanafunzi kimo, hupata kinachobaki. Mwaka ukifika tarehe 30 Juni, kilichokuwa hakijalipwa kinageuka kuwa deni la nyuma, na deni la nyuma halilipwi mpaka lihakikiwe na kuingizwa kwenye orodha ya madeni ya wazabuni. Nenda kwa mhasibu wa hiyo taasisi, usimuulize italipwa lini. Muulize kama deni lako limo kwenye taarifa ya madeni yaliyohakikiwa, na umwombe akuonyeshe mstari wenye jina la duka lako. Kama halimo, hata bajeti ya trilioni mia haitakufikia. Na mbunge wako ukimpata, hicho ndicho cha kumshikisha shilingi.

Mama wa Kiusa, Moshi

Asante sana mzee wangu. Nitamwomba huo mstari kesho. Mbunge siwezi kumpata, yuko Dodoma anaunga mkono hoja.

Mwalimu wa Machame

Ndugu wa Monduli, nimekusoma. Neno la Mmasai nalifuta, sikulisema kwa dharau. Lakini la mwaka 2004 na Benki ya Dunia silifuti, na nakuomba ulijibu hilo badala ya kunijibu mimi.

Kijana wa Monduli

Nitalijibu, Mwalimu, ila kwanza unieleze kuku waliochukuliwa na watendaji wa kata walichukuliwa Machame ipi, kwa sababu huku kwetu walichukua mbuzi na hakuna aliyeandika popote.