Jeni za kuvumilia ukame kwenye mtama, nakwama wapi?

Wakuu habari, mi nasoma masta hapa Dodoma. Tulipanda aina 200 za mtama kule Hombolo, nikapima uzito wa masuke na majani yaliyobaki kijani mvua ilipokata, alama za DNA (sehemu ambazo DNA hutofautiana kati ya aina na aina) ninazo 100,000. Nimepima alama moja moja kama inahusiana na vipimo hivyo, kwa p (uwezekano wa kupata matokeo hayo kwa bahati tu) chini ya 0.05, zimetoka elfu kumi na kitu, sasa huu mtama au muujiza?

Jibu 1:
Hahaa chifu, alama laki moja kwa 0.05 utapata kama 5,000 kwa bahati tu hata kama hakuna jeni inayohusika. Gawanya 0.05 kwa 100,000, kizingiti kinakuwa 0.0000005. Ni kali kidogo maana alama jirani hurithiwa pamoja, ila anza hapo.

Jibu 2:
Zilizobaki juu ya hizo 5,000 nahisi ni ukoo. Mtama mrefu wa Wagogo ukiuchanganya na mifupi ya kutoka nje, kila kinachotofautisha koo hizo mbili kitaonekana ni cha ukame, weka undugu wa aina zako kwenye modeli ya takwimu. Halafu siku za kuchanua ulirekodi? Unaowahi kuchanua unaukwepa ukame, hauuvumilii, hayo mambo mawili tofauti kabisa na watu wengi wanachapia hapo.

Muulizaji:
Siku ninazo, undugu ndo sikuweka, asante braza.

Jibu 1:
Ukirudia angalia kromosomu ya 3, Stg1 na Stg2, maeneo ya DNA yanayosaidia majani kubaki kijani kwenye ukame, yako huko.